Uzi unaoshinda chuma, na pafu lisiloweza kuukata

Na MWANDISHI WETU

CHUKUA waya wa chuma cha kawaida wenye unene wa milimita moja mraba, uufunge kwenye boriti, kisha uning'inize mfuko wa saruji wa kilo 50. Ni vyema usisimame chini yake, kwa maana waya wa namna hiyo huanza kulemewa mzigo unapofikia kilo 40 hivi. Sasa fikiria uzi wa unene uo huo, ila umefanywa kwa kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa ya jikoni kwako na masizi yanayoganda kwenye kioo cha taa ya mafuta. Laiti uzi huo ungeweza kusokotwa bila kasoro, ungebeba matatu mbili za abiria 14, zikiwa zimejaa hadi makanga akakosa pa kushika.

Hayo si mambo ya kubuni. Ni hesabu inayotokana na vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 2000, na kilichopimwa ni mirija midogo mno ya kaboni ambayo wanasayansi huiita nanotyubu. Msomaji huenda akauliza: habari za nyaya na saruji zinaingiaje katika ukurasa wa afya? Zinaingia kwa sababu nguvu hiyo inayowafanya wahandisi wachekelee ndiyo inayowanyima usingizi madaktari wa mapafu. Kitu kinachokataa kukatika kwenye mashine ya maabara chaweza pia kukataa kukatika kikishaingia kifuani mwa mtu.

MRIJA WA AINA GANI?

Risasi ya penseli ni kaboni iliyojipanga matabaka matabaka, mfano wa chapati zilizopangwa kwenye sinia. Katika kila tabaka atomu zimeshikana kwa pembe sita sita kama sega la nyuki, na mshikamano huo ni miongoni mwa ile yenye nguvu zaidi duniani. Lakini tabaka na tabaka hazikushikana sana. Ndiyo sababu penseli huandika: tabaka la juu huteleza na kubaki kwenye karatasi.

Ukilitwaa tabaka moja ukaliviringa kama mkeka hadi kingo zake zikaungana, umepata nanotyubu. Upo mrija wa tabaka moja tu, ambao upana wake ni kama nanomita moja. Ipo pia mirija ya matabaka mengi, mmoja ndani ya mwingine, ambayo upana wake huweza kufika makumi ya nanomita. Ili ujue udogo tunaouzungumzia, unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mirija hii haionekani kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida ya shuleni. Sharti hadubini ya elektroni itumike.

Aghalabu sifa hupewa Sumio Iijima wa Japani, ambaye mwaka 1991 alieleza mirija hiyo baada ya kuiona katika mabaki ya kaboni iliyochomwa kwa umeme. Kwa haki, wanasayansi wawili wa Muungano wa Kisovieti, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za mirija ya kaboni tangu mwaka 1952, ila kwa Kirusi, na wengi huko Magharibi hawakuzisoma.

UPANGA UNAPOCHOMOKA ALANI

Kuujua uzi kuwa na nguvu ni jambo moja, kuuvuta hadi ukatike ni jambo jingine, hasa ikiwa uzi wenyewe huwezi kuuona. Mwaka 2000 Min-Feng Yu, Rodney Ruoff na wenzao walifanya kazi hiyo ndani ya hadubini ya elektroni. Waliigandisha mirija 19 ya matabaka mengi, mmoja mmoja, kati ya ncha mbili nyembamba kama sindano, kisha wakazivuta ncha hizo polepole zitengane huku wakitazama.

Mirija yote ilikatika kwa namna moja iliyowashangaza watu wengi. Ni tabaka la nje pekee lililokuwa limeshikwa na zile ncha, na ndilo lililopasuka. Matabaka ya ndani yaliteleza yakatoka mazima, kama upanga unavyochomolewa alani. Nguvu iliyohitajika ilikuwa kati ya gigapaskali 11 na 63, ukipima tabaka hilo la nje peke yake. Chuma cha kawaida hukatika kwenye gigapaskali 0.4 hivi. Zile matatu mbili zetu zimening'inia kwenye ile 63.

Hata hivyo, hebu tazama pengo lililopo kati ya 11 na 63. Mirija iliyofanana kwa macho ilitofautiana kwa nguvu karibu mara sita. Sababu kubwa ni dosari. Katika lile sega la nyuki, atomu moja ikikosekana, au pembe sita mbili zikijipinda zikawa pembe tano na pembe saba, mzigo wote hukimbilia pale penye upungufu. Mshikamano wa jirani hulemewa, ukikatika humwachia jirani wa pili, na ufa huenea kufumba na kufumbua. Anayeshona nguo anaufahamu mchezo huu: kitambaa kipya huwezi kukichana kwa mikono, lakini kikate kidogo pembeni kwa mkasi, kitachanika chote.

Kuna jambo jingine ambalo ni muhimu kwa habari tunayoiendea. Mrija mwembamba ukiukunja haukatiki. Mwaka 1997 Michael Falvo na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliikunja mirija kwa pembe kali, tena na tena, ikawa inafanya makunyanzi kama mrija wa soda na kurudi ilivyokuwa. Ilhali mrija mnene wenye matabaka mengi yasiyo na dosari huwa mgumu. Haupindi upesi. Husimama wima kama sindano.

Wapo wanaoota kujenga lifti ya kutoka ardhini hadi angani kwa kamba ya kaboni, na wanasema ingefaa ifungwe karibu na ikweta, huenda ndiyo sababu kila mara Kenya hutajwa. Mwandishi huyu hashauri mtu yeyote aanze kununua ploti. Kamba halisi zinazosokotwa kwa mamilioni ya mirija hiyo aghalabu hubeba gigapaskali chache tu, kwa kuwa mirija huteleza mmoja kando ya mwingine kabla haijakatika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walipata zaidi ya gigapaskali 80 katika mafungu ya mirija yenye urefu wa sentimita kadha, lakini ni mafungu membamba ya mirija iliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, si kamba ya kufungia ng'ombe.

NDANI YA KIFUA

Tuache sasa maabara ya wahandisi tuingie mapafuni, tukianzia Afrika Kusini. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 kutoka eneo la Kaskazini mwa Cape, ambako asbesto ya buluu ilikuwa ikichimbwa. Wagonjwa hao walikuwa na mesotelioma, saratani ya ule utando mwembamba unaoyazunguka mapafu, ugonjwa uliokuwa adimu kiasi kwamba madaktari wengine walishakataa kuwa upo. Si wote waliokuwa wachimba migodi. Wengine walikuwa wameishi tu karibu na migodi hiyo utotoni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu walipovuta vumbi lile. Mesotelioma huchukua miaka 20, 30, hata zaidi ya 40 kujitokeza.

Asbesto huua vipi? Sumu si jawabu lote. Sehemu kubwa ya jawabu ni umbo lake. Kila siku tunavuta vumbi, na ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli walinzi ziitwazo makrofeji, ambazo kazi yake ni kulimeza vumbi na kuliondoa. Seli moja ina upana wa maikromita 10 hadi 20. Ikikuta chembe ya mviringo, huimeza yote. Ikikuta unyuzi mrefu kuliko yenyewe, hujaribu kuumeza ncha moja, ikashindwa kufunga mdomo. Hapo hubaki imekabwa, ikimwaga kemikali zake kali nje badala ya ndani, na kemikali hizo huchoma nyama iliyo karibu. Seli nyingine huja kusaidia, zikapatwa na yayo hayo. Mwasho usiokwisha huzaa kovu, na baada ya miaka mingi, seli zilizojeruhiwa mara kwa mara huweza kugeuka saratani.

Nyuzi zinazofika kwenye utando wa nje wa mapafu hukuta tatizo la pili. Maji ya utando huo hutokea kwenye vitundu vidogo vyenye upana wa maikromita chache tu. Unyuzi mfupi hupita na maji. Mrefu na mgumu hukwama mlangoni kama ufagio uliokwama kwenye mfereji wa maji machafu.

Kwa hiyo madaktari huuliza maswali matatu kuhusu unyuzi wowote: je, ni mwembamba kiasi cha kufika ndani kabisa? Ni mrefu kiasi cha kuwashinda walinzi? Na je, unadumu, au unayeyuka na kukatika vipande? Lile swali la tatu ndilo linalotupeleka tena kwa wahandisi. Nyuzi za kioo zinazotumiwa kuzuia joto huweza kuwa nyembamba na ndefu, lakini aina nyingi huyeyuka ndani ya mapafu na kuvunjika vipande vifupi ambavyo makrofeji huvimudu. Asbesto ya buluu haiyeyuki. Je, mrija wa kaboni, ulioishinda mashine ya kuuvuta, utaogopa nini?

PANYA WA EDINBURGH NA WA JAPANI

Mwezi Mei 2008 Craig Poland, Ken Donaldson na wenzao wa Edinburgh, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limetajwa katika karibu kila mjadala wa jambo hili. Waliwadunga panya mirija ya kaboni kwenye tumbo, ambako kuna utando wa jamii moja na ule wa mapafu. Waliodungwa mirija mirefu na iliyonyooka walipata mwasho na vinundu vya aina ile ile inayosababishwa na asbesto ndefu. Waliodungwa mirija mifupi, au ile iliyojisokota kama fundo la uzi, hawakupata madhara hayo. Kaboni ilikuwa ile ile. Umbo ndilo lililotofautiana.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliongeza sura nyingine. Walilinganisha mirija ya unene mbalimbali na kukuta kwamba ile ya nanomita 50 hivi, iliyo migumu na yenye matabaka yaliyopangika vyema, ilitoboa seli za utando na kuleta saratani kwa panya. Ile myembamba sana, inayojipinda na kujisokota, haikuzitoboa kwa namna hiyo. Kwa maneno mengine, mrija ambao mhandisi angeuchagua kwa sababu ni mnyoofu, mgumu na hauna kasoro, ndio huo huo daktari angeukimbia.

Kudunga ni tofauti na kuvuta kwa pua, na viwanda havikukosa kulisema hilo. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya jaribio la Japani ambamo panya walivutishwa hewa yenye mirija ya aina iitwayo MWCNT-7 kwa saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka miwili. Walipata saratani ya mapafu. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilikuwa limekwisha iweka MWCNT-7 katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine za mirija ziliwekwa katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuamua. Kikao hicho hakikuwa na takwimu zozote za saratani kwa binadamu, jambo lisiloshangaza kwa kitu ambacho viwanda havijakitumia kwa muda mrefu. Ukikumbuka ile miaka 40 ya mesotelioma, ukimya huo si wa kumfanya mtu alale usingizi mnono.

DOSARI INAPOGEUKA DAWA

Hapa ndipo habari inapopata ladha. Mwaka 2010 Valerian Kagan wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walionyesha kwamba seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili zina kimeng'enya kinachoweza kuitafuna mirija ya tabaka moja. Mirija iliyokwisha kutafunwa hivyo haikuleta mwasho katika mapafu ya panya. Mwili, kumbe, una meno.

Lakini meno hayo yanahitaji pa kuanzia. Majaribio ya miaka hiyo yalionyesha kwamba mirija safi, isiyo na doa, ni migumu kutafunika. Ile iliyopitishwa kwenye asidi, ikatiwa majeraha yenye oksijeni ubavuni, ndiyo inayoanza kumong'onyoka. Majeraha hayo ni dosari zile zile zinazoushusha mrija kutoka gigapaskali 63 hadi 11! Mwanya ambao ufa huuanzia kwenye mashine ni mwanya ambao kimeng'enya huuanzia kifuani.

Mwaka 2013 kundi la wanasayansi wa Ulaya lilichukua mirija mirefu yenye madhara ya asbesto, likaibandika kemikali fulani zinazoitenganisha katika maji na kuifanya mifupi, na madhara katika utando wa panya yakapungua sana. Kwa hiyo njia ipo. Inamtaka mwenye kiwanda aamue mapema: je, kazi hii kweli inahitaji mrija mrefu, mgumu na usio na dosari, ama mfupi wenye kasoro utatosha? Mara nyingi utatosha. Katika betri za lithiamu, ambako mirija hii hutumiwa kwa wingi kupitisha umeme, kinachotakiwa ni njia ya umeme. Hakuna anayening'iniza matatu kwenye betri.

NANI YUKO HATARINI?

Msomaji mwenye simu mfukoni hana haja ya kuitupa. Mirija iliyofungwa ndani ya betri, au iliyoganda katika plastiki ya raketi ya tenisi au fremu ya baiskeli, haitoki yenyewe kuja kukutafuta. Anayekabiliwa na hatari ni yule anayeishika ikiwa bado unga mweusi mwepesi: mfanyakazi anayeimimina kwenye pipa, anayeipima, anayesafisha mashine. Baada yake ni fundi anayekata, kupiga msasa au kusaga bidhaa yenye mirija hiyo, na yule anayevunja betri kuukuu kwa nyundo ili auze vyuma vilivyomo. Huyu wa mwisho tunaye hapa kwetu, naye hata kabla ya mirija ana hatari za moto na kemikali za betri yenyewe.

Mwaka 2013 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya maikrogramu moja ya mirija ya kaboni kwa kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Hicho ni kiasi kidogo mno. Chukua punje moja ya sukari, ambayo ni karibu nusu miligramu au zaidi, uisage na kuitawanya katika ukumbi wenye mita za ujazo 500. Tayari umefikia mpaka huo. Ni mpaka wa mapendekezo, si sheria.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awaeleze wafanyakazi hatari zilizomo katika vitu wanavyovishughulikia. Unga mweusi ukija kiwandani katika mfuko ulioandikwa "kaboni" tu, mfanyakazi ana haki ya kuuliza ni kaboni gani. Masizi ya kutia rangi ya matairi ni kaboni. Mirija migumu ya nanomita 50 ni kaboni vile vile. Kuna tofauti kubwa kati ya hizo mbili, na karatasi ya usalama inayoambatana na bidhaa ndiyo inayotakiwa kuieleza.

Vumbi la namna hii halifagiliwi kwa ufagio mkavu wala kupulizwa kwa hewa ya kompresa, ingawa ndivyo ifanyikavyo katika karakana nyingi. Hulowanishwa, likapanguswa kwa kitambaa kibichi au kufyonzwa kwa mashine yenye chujio maalumu. Kukata kufanyike huku maji yakimwagika kwenye msumeno. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Barakoa ya kweli ni ile yenye chujio na inayobana uso pande zote.

Na maadamu tumeitaja asbesto, zipo paa zake nyingi bado katika nyumba za zamani na shule humu nchini, ijapokuwa kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu miongoni mwa taka hatari. Paa zima lisilosumbuliwa si la kukimbiwa. Usilitoboe, usilisugue kwa brashi ya waya, wala usimwite kijana wa mtaani alibomoe kwa nyundo. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni ya NEMA.

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika vumbi la nyuzi za aina yoyote, akipatwa na kikohozi kisichokoma, pumzi fupi au maumivu ya kifua upande mmoja, amweleze daktari si dalili tu bali pia kazi alizozifanya, hata kama ni za miaka 30 iliyopita na kiwanda chenyewe kilishafungwa. Katika kliniki zenye foleni ndefu swali hilo husahaulika kuulizwa, kwa hiyo litaje mwenyewe kabla hujaandikiwa dawa ya kifua.